Matanga ya Koleta

Apolinaria binti Mayala alikwenda kuomba kazi ya uuguzi akiwa na miaka kumi na minne, na wala hakwenda kwa huruma. Watu wa Itobela wakimsimulia siku hizi husema eti tangu utotoni alikuwa na moyo wa kusaidia wagonjwa. Uongo mtupu! Alikwenda kwa chuki, na mtu aliyemchukia alikuwa mmoja tu: Jilala, mwanangwa wa Itobela, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na mtemi kuamua kesi na kupanga kazi za watu.

Itobela ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Kila mzee pale alikuwa na babu aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, na pombe ikishachemka hawakuwa na hadithi nyingine. Babu yake Jilala alikuwa kirangozi, mtu wa kutangulia mbele ya wapagazi, na Jilala akaivaa sifa hiyo utadhani yeye ndiye aliyetembea. "Sisi mabega yetu yamebeba mizigo mpaka pwani," alipenda kusema. Apolinaria aliyasikia maneno hayo akiwa mdogo na hakuyasahau.

Mwaka 1943 alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Mayala, alikuwa amechukuliwa manamba, kwenda Tanga kukata mkonge, akamwacha mke wake Koleta na mimba changa ambayo hata mwenyewe alikuwa hajaijua. Mimba ikakua, na watu wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Wengine walihesabu vibaya kwa makusudi. Siku uchungu ulipomshika Koleta, mtoto akagoma kutoka. Kutwa nzima, usiku kucha, kutwa ya pili. Bibi Siwema, mama yake Koleta, akatoka mbio kwenda kwa mwanangwa kuomba wanaume wanne na kitanda cha kamba, wampeleke mgonjwa hospitali ndogo ya masista. Ulikuwa mwendo wa saa tatu tu.

Jilala akakataa. Siku zile wengi waliamini kwamba mwanamke akishindwa kujifungua, basi anamficha mwanamume aliyezini naye. Akimtaja, njia inafunguka na mtoto anatoka. Asipomtaja, kumbeba ni kujichosha bure.

"Ataje jina kwanza," Jilala akasema. "Hapa kwangu hakuna bega litakalobeba uzinzi."

Apolinaria ndiye aliyekuwa akichota maji. Kila akirudi na mtungi alisikia sauti za wanawake kupitia ukuta wa fito. "Mtaje, Koleta. Mtaje tu, mwenzetu, upone." Na mama yake akijibu, "Sina wa kumtaja." Alijibu hivyo mpaka sauti ikakauka. Asubuhi ya siku ya tatu, saa nne, akataja. Alimtaja Raymundi, mhunzi wa majembe. Na kwa nini Raymundi? Kwa sababu nyundo yake ndiyo iliyokuwa ikigonga wakati ule, ng'ambo ya pili ya barabara, ko, ko, ko. Apolinaria alisimama pale na mtungi kichwani, akaisikia nyundo na akalisikia jina, akajua papo hapo. Angekuwa anapita muuza chumvi, mama yake angemtaja muuza chumvi.

Watu wakaguna, wakatikisa vichwa, wakakaa chini kungoja mtoto atoke sasa. Mtoto hakutoka. Adhuhuri Koleta akakata roho.

Raymundi akatozwa ng'ombe, akafunga mifuo yake ya kuvuvia moto akahamia Urambo, maskini, hata hakujua kosa lake. Koleta akazikwa haraka haraka kama mbwa. Jilala akapiga marufuku matanga: mtu asilale msibani, moto usiwashwe, mkono wa pole usitolewe kwa ajili ya mwanamke aliyekufa na aibu. Mayala aliporudi kutoka Tanga akaambiwa habari, akaamini, mjinga yule, akaoa mke mwingine. Na Apolinaria akabandikwa jina. Kisimani, njiani, hata kwenye mafundisho ya komunyo: "Mwana wa Raymundi, sogea." "Mwana wa Raymundi, zamu yako." Aliyesahau jina lake la ubatizo hakulisahau hilo.

Apolinaria akala kiapo peke yake, kaburini, ambapo hapakuwa na hata jiwe. Siku moja Jilala atasema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wa Itobela, kwamba Koleta alikuwa mke safi. Hakuomba jambo lingine kwa Mungu, na hilo lenyewe hakuliomba kwa upole.

Sasa, uuguzi uliingiaje hapo? Ni Bibi Siwema aliyemwambia. "Kule kwa masista, mjukuu wangu, wanawake wenye mtoto aliyekwama wanapelekwa, na wanatoka wazima. Na hakuna anayewauliza jina." Basi, Apolinaria akataka kujua kule wanatumia nini badala ya jina. Alitaka kukijua kitu hicho, akishike mkononi, aje amtupie Jilala usoni.

Mwaka 1948 akafika mlangoni kwa Sista Benedikta na cheti chake cha ubatizo ndani ya kitambaa. Sista alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, Kiswahili chake kimenyooka kama fito. Akasoma cheti.

"Una miaka kumi na minne. Rudi ukiwa na kumi na sita."

"Nyumbani siwezi kurudi, Sista."

"Kwa nini?"

"Nina hasira nako."

Sista akamtazama, akarudi kazini kwake. Apolinaria akazunguka nyuma, akaona karai la bandeji chafu, akakunja mikono akaanza kufua. Kesho yake akafua. Wiki ya pili Anselm, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, mtu wa Cheyo mwenye baiskeli na maneno mengi, akasimama akimwangalia.

"We mtoto, unafua kama una ugomvi na bandeji."

"Ninao ugomvi, kaka. Ila si na bandeji."

Baada ya mwezi akapewa eproni. Ilimfika kwenye vifundo vya miguu, akaikunja mara mbili kiunoni. Akafundishwa kumwaga vyoo vya wagonjwa bila kukunja uso, kupima joto, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kuchemsha sindano na kuhesabu dakika kwa saa ya ukutani. Wazee wa umri wa baba yake walipiga kelele: "Nani kakaleta haka katoto kaje kaniogeshe?" Naye akiwaogesha. Waliomtukana aliwaogesha vizuri zaidi, nyuma ya masikio na kila mahali, mpaka wakanyamaza. Chuki ikikosa mahali pa kwenda hufanya kazi sana, na yeye alifanya kazi ya watu watatu.

Kisha siku moja akaletwa mwanamke kutoka Ipuli, mtoto amekwama tangu jana. Apolinaria akashikishwa taa ya mkono, amulike. Sista Benedikta akapapasa, akasema, "Mtoto amegeuza uso," akachukua koleo za kuzalishia. Hakuuliza jina la mtu yeyote. Apolinaria alitazama saa. Dakika ishirini baadaye mtoto alikuwa analia na mama yake anaomba uji.

Dakika ishirini! Apolinaria alikwenda nyuma ya kibanda cha kufulia akajiuma mkono mpaka damu ikatoka. Mama yake alikaa siku tatu akiulizwa wanaume, na kumbe mtoto alikuwa amegeuza uso. Basi tu. Anselm alimkuta pale akadhani ameogopa damu, akamwambia pole, utazoea. Toka siku hiyo hakuwa na hamu tena ya kumweleza Jilala jambo lolote. Alitaka aumie.

Na Mungu ana mambo, kiangazi cha 1951 Jilala akaletwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Sista alikuwa amekwenda mjini kwa daktari. Wanaume wanne wakaingia uani na kitanda cha kamba mabegani, nyuma yao wazee wa Itobela na wake wawili wa Jilala, na jirani yao mmoja, Flavia, mke wa Yoramu, mwenye mimba ya miezi minane. Flavia alikuwa anakuja kupimwa, akafuatana nao, akasaidia kubeba kibuyu cha maji. Juu ya kitanda Jilala alikuwa anakoroma kama ng'ombe anayechinjwa. Siku mbili hakupata hata tone la mkojo, na tumbo limemvimba chini ya kitovu, gumu kama kibuyu kile.

Apolinaria, sasa msichana wa miaka kumi na saba, eproni ikimkaa sawasawa, alitoka barazani. Kitu cha kwanza alichokiona si mgonjwa. Aliyaona mabega. Kumbe yapo! Kumbe mwendo wa saa tatu unabebeka!

"Shikamoo, mwanangwa," akasema.

Jilala akakoroma tena.

Anselm akaja, akaamuru aingizwe ndani, akabonyeza tumbo, akasema, "Mkojo umeziba. Apoli, chemsha mpira. Maji yachemke sawasawa, halafu dakika kumi kwa saa, usinipunguzie hata moja. Namalizia kidonda cha yule mama, nakuja." Mpira wenyewe ni mrija mwembamba wa kupitisha kwenye njia ya mkojo. Ukiingizwa bila kuchemshwa unaua, kwa hiyo hapo hapakuwa na hila: kungoja ilikuwa lazima. Apolinaria akaweka sufuria kwenye jiko la mkaa, hatua tatu kutoka kitandani, wazee wamejipanga ukutani.

Maji yakaanza kuimba. Yakikaribia kuchemka kabisa, akachota kikombe cha maji baridi akayamimina juu. Sufuria ikanyamaza. Hilo ndilo kosa lake, na alilijua wakati mkono bado uko hewani.

"Unajua kwa nini mkojo umegoma, mwanangwa?"

"Nisaidie, binti. Nakufa."

"Kuna jina umelificha. Litaje, njia ifunguke."

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Walikuwa wakiamini hivyo siku zote kwa wanawake. Kulisikia kwa muuguzi, ndani ya hospitali, tena kwa mwanamume, lo, lilikuwa jambo kubwa, na hakuna aliyeona ubaya.

"Sina jina lolote," Jilala akasema.

"Mama yangu naye alisema hivyo hivyo."

Hapo akafumbua macho, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamtambua. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka masikioni.

"Wewe ni... ni mwana wa..."

"Malizia. Mwana wa nani?"

Maumivu yalimkunja akashika kamba za kitanda kwa mikono miwili. Mke wake mkubwa akaanza kulia: "Taja, mume wangu, taja upone!" Na Jilala akataja. Macho yake yalizunguka chumba kizima, yakafika mlangoni, ambako Flavia alikuwa amesimama na kibuyu.

"Flavia," akasema. "Flavia wa Yoramu."

Kibuyu kikaanguka. Apolinaria alikiona kikivunjika, akamwona Flavia akifungua mdomo bila sauti, na alijua. Hakuna aliyejua kama yeye jina la namna ile linatoka wapi. Angeweza kulizuia pale pale kwa neno moja. Lakini alikuwa amekaribia mno kitu chake, akalipita.

"Na Koleta?" akauliza.

"Koleta alikuwa safi."

"Paza sauti. Wazee hawasikii."

"Koleta alikuwa safi!" Jilala akapiga ukelele. "Sikuwa na ushahidi wowote! Wanaume walikuwa shambani kwangu wananivunia mtama, sikutaka kuwatoa! Nisaidie!"

Mtama. Mama yake alikufa kwa sababu ya mtama. Apolinaria alisimama na kijiti cha kutolea vyombo mkononi, akatazama saa: maji yalikuwa yamechemka tena, zilibaki dakika mbili. Alizingoja zote mbili.

Anselm akaja na mikono iliyonawa, akapitisha mpira, na mkojo ukatoka, beseni zima na nusu. Jilala akalia kwa raha kama mtoto mchanga. Na wale wazee, Anselm hata hajamaliza kufunga utepe, walikuwa wameshatoka uani wakipaza sauti: "Ametaja! Ametaja, amefunguka!"

Daktari wa mjini alisema Jilala apasuliwe. Jilala akaogopa kisu. Basi akafungiwa mpira wa kukaa nao daima, na chupa ya kuning'inia pajani chini ya kanzu. Akaambiwa arudi kila baada ya wiki mbili, Jumatatu, ubadilishwe. Akarudi Itobela akitembea miguu imepanuka, lakini mzima.

Wiki hizo mbili zilikuwa za raha kuliko zote alizowahi kuziona Apolinaria. Bibi Siwema alikuja na asali kibuyu kizima, akacheza uani peke yake. "Wamesema safi, mjukuu wangu! Wazee wote wamesikia! Kisimani hakuna anayesema tena mwana wa Raymundi." Apolinaria alicheka mpaka Anselm akamuuliza ana nini. Kuhusu Flavia hakuuliza, na bibi hakusema. Alipokwenda kuungama kwa padre aliungama kikombe kimoja cha maji baridi. Jina la Flavia hakulitaja.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Bibi Siwema akarudi. Safari hii hakuwa na asali.

"Flavia ana uchungu tangu juzi," akasema. "Mtoto amekwama. Yoramu amefunga mlango. Wanamwambia akubali kwamba mimba ni ya Jilala, ndipo mtoto atoke. Wanasema, kama mwanangwa mwenyewe alitaja akafunguka, huyu mwanamke ni nani mpaka asitaje?"

Apolinaria alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Yeye ndiye aliyefanya hivi. Si Jilala, si wazee. Yeye, na eproni yake nyeupe, ndiye aliyewapa watu wa Itobela ushahidi ambao hawakuwahi kuwa nao.

Sista Benedikta alisikiliza habari yote, kikombe cha maji na yote, uso haukubadilika. "Mimi nina mgonjwa mezani, siwezi kumwacha," akasema. "Mlete hapa akiwa hai. Ukimaliza tutazungumza, mimi na wewe." Anselm akatoa baiskeli, Apolinaria akakaa nyuma, wakaifuata njia ya wapagazi mpaka Itobela bila kupumzika.

Uani kwa Yoramu palikuwa pamejaa. Kutoka ndani ilisikika sauti ile ile ya miaka minane iliyopita: "Mtaje tu, mwenzetu, upone." Apolinaria akapita katikati ya watu.

"Fungueni mlango. Mtoto amegeuza uso au kichwa ni kikubwa, sijui, Sista atajua. Jina halihusiki hata kidogo."

Yoramu alikuwa mtu mpole kwa kawaida, lakini macho yalimwiva. "Halihusiki? Wewe mwenyewe ulimwambia mwanangwa ataje! Wazee walikuwapo!"

"Nilidanganya," Apolinaria akasema.

Watu wakasogea karibu.

"Nilidanganya. Nilitaka kumwona akitaabika. Kilichomfungua ni mpira, na mpira ulikuwa sufuriani unachemka muda wote ule. Angetaja, asingetaja, mkojo ungetoka."

Mzee mmoja akacheka kwa pua. "Basi kama ni uongo, na yale aliyosema kuhusu mama yako ni uongo vilevile. Au ya mama yako aliyasema kwa kweli, na ya huyu kwa uongo?"

Hapo ndipo lilipomfika. Kila neno alilolipigania tangu utoto lilikuwa kwenye mizani, na alikuwa amelitupa yeye mwenyewe. Alitaka kurudi nyuma. Kusema kweli, kwa kitambo kidogo alitaka Flavia anyamaze, afe, yaishe. Halafu Flavia akalia kule ndani, akisema hana wa kumtaja.

Apolinaria akageuka, akavuka barabara kwenda kwa Jilala. Mwanangwa alikuwa amekaa barazani kwake, amesikia makelele yote na hakuwa ametikisika.

"Inuka," akamwambia.

"Hayo ni ya Yoramu na mke wake."

"Keshokutwa ni Jumatatu, mwanangwa. Mpira wako unabadilishwa. Unajua nani anauchemsha?"

Jilala akainuka, polepole, akishika ukuta. Wakavuka barabara pamoja, binti mbele na mwanangwa nyuma, na watu wakawapisha.

"Funua," Apolinaria akasema.

"Binti, kuna wanawake hapa. Kuna wakwe zangu."

"Mama yangu alikuwa uchi siku tatu mbele ya wakwe zake. Funua!"

Mjukuu wa kirangozi akashika pindo la kanzu kwa vidole viwili, akalipandisha mpaka pajani, na watu wote wa Itobela wakaiona chupa ikining'inia, na mrija mwekundu, na mkojo ukidondoka ndani yake tone kwa tone. Wanawake wakafunika nyuso kwa khanga, lakini walichungulia. Hakuna aliyecheka.

"Sema sasa," Apolinaria akasema. "Huna maumivu leo. Sema."

Sauti ya Jilala ilikuwa ndogo. "Ni mrija huu ulionifungua. Flavia sijawahi kumgusa. Alikuwa amesimama mlangoni, ndiye niliyemwona. Ningemtaja hata mama yangu mzazi." Akatazama chini. "Na Koleta alimtaja Raymundi hivyo hivyo. Alisikia nyundo. Hata mimi niliisikia nyundo siku ile, nikajua. Watu wangu walikuwa wanavuna."

Yoramu alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Akaupiga teke, ukafunguka.

"Kitanda," Apolinaria akasema. "Mabega manne." Kisha akawatazama vijana wawili wa Jilala waliosimama nyuma ya baba yao. "Na ninyi mnaosifika kwa kubeba mpaka pwani, shikeni huku mbele."

Walibeba kwa kukimbia, wakipokezana, na Flavia alifika hospitali saa nane akiwa bado anapumua. Sista Benedikta alihangaika naye kwa muda mrefu kuliko yule wa Ipuli. Mtoto alitoka wa buluu, akapigwa, akalia. Apolinaria ndiye aliyemwosha. Kisha Sista akamvua eproni, akamrudisha kwenye karai la bandeji kwa miezi sita, na Apolinaria hakulalamika hata mara moja. Yule mzee aliyecheka kwa pua alikwenda Urambo mwenyewe na ng'ombe, kumtafuta Raymundi.

Lakini kabla ya hayo Apolinaria alikuwa na dai moja, akalipeleka mbele ya wazee wale wale: matanga ya mama yake. Yakaliwe uani kwa Jilala, Jilala achinje, na Jilala alale chini kwenye mkeka kama wafiwa. Wazee wakaona ni haki. Baada ya miaka minane, Koleta akakaliwa matanga, siku tatu kamili, moto ukiwaka mchana na usiku. Watu walikuja hata kutoka Kipalapala. Hata Mayala alikuja, akakaa pembeni, hakuna aliyemsogezea kigoda.

Siku ya tatu, ya kuanua matanga, watu wakapita mmoja mmoja kumpa Apolinaria mkono. "Pole, binti." "Pole sana." Akawaitikia wote, "Asante, nimeshapoa." Wa mwisho alikuwa Jilala. Alikuja akiburuta miguu, macho mekundu kwa moshi wa siku tatu, chupa ikigongagonga chini ya kanzu. Akanyoosha mikono miwili, na kwa kweli machozi yalikuwa yanamtoka.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole kwa mama."

Apolinaria aliitazama ile mikono. Aliuguza watu miaka thelathini na mmoja baada ya siku hiyo, akawaambia pole wezi, walevi na hata askari waliokuwa wakipiga watu, lakini huyu mmoja alikuja kila baada ya wiki mbili mpaka alipokufa na hakulisikia neno hilo kinywani mwa Apolinaria.

"Jumatatu ni siku ya mpira," akamwambia. "Usichelewe."